Daftari Lililojazwa Jumapili

Kila asubuhi kabla ya shule Chiriku alikuwa na kazi tatu: kufagia kibaraza, kuchota maji ndoo mbili, na kumwoshea baba yake brashi za rangi. Hii ya tatu ndiyo aliyoipenda. Baba yake alikuwa mwandika vibao. Majina ya maduka, bei za kinyozi, "Usiegeshe Gari Hapa", "Mbwa Mkali" kwenye mageti ya watu wasiokuwa hata na paka, vyote vilitoka mkononi mwake. Rula hakuitumia. Alibana pumzi, akavuta brashi kutoka kushoto kwenda kulia, na mstari ukatoka umenyooka kama kamba ya mwashi. Wapita njia walisimama kumtazama, na wengine walichelewa kazini kwa ajili yake.

Jina la Chiriku hakuzaliwa nalo. Alipewa nyumbani kwa sababu ya mdomo wake. Aliongea akifagia, aliongea akichota maji, na mama yake, aliyekuwa mpishi katika shule ya bweni na kutoka nyumbani alfajiri, aliapa kwamba mtoto huyu huongea hata akipiga mswaki. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Darasani, kwa hesabu, hakuna aliyemfikia. Na katika timu ya mpira wa pete ya shule ndiyo kwanza alikuwa ameingizwa, mchezaji wa akiba, naye alitaka kwa moyo wote aache kuwa wa akiba.

Dada yake mkubwa alikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha afya, upande wa pili wa mji, akilala bwenini. Somo lililomtoa jasho lilikuwa fiziolojia, yaani elimu ya namna mwili unavyofanya kazi: moyo unavyosukuma damu, mapafu yanavyopokea hewa, figo zinavyochuja. Kuyasoma vitabuni aliweza. Kazi ilikuwa maabara.

Jumamosi moja dada akamchukua Chiriku kwenda chuoni. Siku hiyo wanafunzi walikuwa wanajifunza kupima watu, na watu hawakutosha, kwa hiyo waliruhusiwa kuleta ndugu.

Chumba kilikuwa kirefu, na meza zake zilikuwa zimechakaa kwa kumwagikiwa na kila aina ya dawa. Pembeni palisimama mifupa ya mtu mzima, imetundikwa kwa ndoano, haina kidole kimoja cha mguu. Mwanafunzi mmoja aliendesha baiskeli isiyokwenda popote, huku mwenzake akimshika kiganja na kuhesabu mapigo ya moyo. Kwenye meza ya dirishani walikuwa wanajichoma vidole kupima aina ya damu, na kijana mmoja mwenye kifua kama kabati aliona tone la damu yake mwenyewe akaenda chini puu.

"Mlazeni, miguu juu," akasema mkufunzi bila kugeuka. "Huyo ndiye atakayewazalisha wake zenu."

Wakacheka wote, hata aliyelazwa.

Mkufunzi alikuwa mzee mwembamba, koti lake jeupe limefuliwa mpaka likawa jepesi kama karatasi. Wanafunzi walimwita Bwana Rudia, kwa sababu hilo ndilo neno alilolisema kuliko yote. Ukimletea jibu baya, rudia. Ukimletea jibu zuri, rudia tuone kama litakuja tena. Alimwona Chiriku ameduwaa mbele ya mashine ya kupimia presha, akamvutia kiti.

"Wewe kidogo, unajua hii?"

"Shikamoo. Ninaijua, ya presha. Ina mkanda, ina mpira wa kupuliza, ina saa yenye mshale mmoja, na zile za kuweka masikioni, daktari wa meno hana lakini wa tumbo anazo, tena..."

"Marahaba. Sasa funga mdomo, fungua masikio."

Akamfundisha kama alivyowafundisha wakubwa. Kwanza mtu akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, haongei na haongeleshwi. Mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya shati. Pampu mpaka sauti ipotee kabisa, kisha ongeza kidogo. Halafu acha upepo utoke polepole, macho kwenye mshale. Damu itagonga: dup. Pigo la kwanza ni namba ya juu. Sauti ikizimika, hapo ni namba ya chini. Ngoja dakika mbili, pima tena. Andika zote mbili.

Chiriku alipolisikia pigo la kwanza katika mkono wa dada yake, alifumbua macho makubwa. "Inabisha hodi!"

"Ndiyo," akasema mkufunzi. "Na wewe huna ruhusa ya kumpangia mgeni saa ya kubisha."

Njiani kurudi nyumbani, dada akatoa kwenye mfuko mashine moja na daftari jipya. Walikuwa wamepewa zoezi, akaeleza. Kila mwanafunzi achague mtu aliyevuka miaka arobaini na mitano, ampime asubuhi na jioni kwa siku kumi na nne. Namba ya juu ikizidi mia moja na sitini mara mbili mfululizo, zoezi lisimame, mtu apelekwe zahanati. Nyumbani mtu wa umri huo alikuwa baba. Lakini dada alilala bwenini.

"Kwa hiyo utampima wewe," dada akasema. "Mimi nitaweka sahihi yangu."

"Si uongo huo?"

"Uongo ni usipopima. Wewe si utapima kweli?"

Chiriku akafikiri. Ilionekana ni haki. Akakubali.

Juma la kwanza alipima kweli. Baba aliona fahari kupimwa na bintiye. Alikaa kwenye kiti, akanyoosha mkono wa kushoto juu ya meza, akanyamaza. Chiriku naye alinyamaza, na hizo dakika tano zilimchoma kuliko pilipili, kwa maana ndani yake yalipita maneno mia naye ikabidi ayameze. Jumatatu namba ya juu ilikuwa mia moja thelathini. Jumatano, mia moja thelathini na nane. Ijumaa jioni, mia moja arobaini na sita. Zilipanda kidogo kidogo, kama mtu anayepanda ngazi akiwa na mzigo. Chiriku aliziona zinapanda, akaona bado ziko chini ya mia moja na sitini, akageuza ukurasa.

Jumamosi Ngongoti akaja. Ngongoti alikuwa rafiki yake na mfungaji wa timu, msichana mwenye miguu mirefu hata alikaa kwenye dawati kwa upande.

"Una habari? Mechi ni Jumamosi ijayo," akasema. "Mwalimu anataka mazoezi asubuhi na jioni juma zima. Anayechelewa, benchi. Na wewe umechelewa siku tatu."

"Ninampima baba. Mpaka akae kwanza, mpaka tungoje, halafu tena..."

"Baba yako anaumwa?"

"Haumwi."

"Sasa mtu mzima haumwi, unampima nini? Unapima afya?" Ngongoti akacheka. "Mwenzangu, chagua. Benchi lina nafasi, na nyuma yako kuna watoto wanane wanataka jezi yako."

Jumapili mchana nyumba ilikuwa kimya. Baba alikuwa amelala, mama alikuwa anapiga pasi. Chiriku akakaa na daftari, akatazama kurasa tupu za juma la pili. Siku saba, mara mbili kwa siku, vipimo viwili kila mara. Jumla ishirini na nane. Kwake hiyo ilikuwa hesabu tu, na hesabu ilikuwa uwanja wake.

Mtoto mzito wa akili angeandika namba ileile kila siku, akakamatwa. Chiriku hakuwa mzito. Alijua namba za kweli huchezacheza. Akaandika mia moja arobaini na mbili, kisha mia moja arobaini na nne, kisha mia moja thelathini na nane. Jioni akaziongeza kidogo, kwa sababu jioni mtu amechoka. Jumatano akaweka moja ya juu kidogo ili isionekane imepangwa. Zile za Ijumaa zilizokuwa zimepanda hakuzipenda, zilivunja umbo, basi za juma la pili akazishusha taratibu siku baada ya siku mpaka zikakaa mahali pazuri. Alipomaliza alitazama kazi yake kama baba anavyotazama kibao kilichokauka. Ilipendeza kuliko juma la kwanza, la kweli.

Ila baba asingekubali kukaa bila kupimwa, angeuliza. Kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni Chiriku alimfunga mkanda juu ya shati, akaweka vitu masikioni, akapampu mara chache, akafungua upepo wote kwa mkupuo, pwaa, akasema "Tayari." Ilichukua muda wa mtu kufunga kamba za viatu. Kisha akakimbia uwanjani.

"Siku hizi umekuwa hodari," baba alimwambia Jumanne. "Zamani ulinikalisha kama mtu anayengoja hukumu."

"Nimezoea, baba."

Juma hilo baba alikuwa na kazi kubwa, kibao cha ghala jipya, herufi zenye urefu wa mtoto, juu ya ngazi, juani. Jumatano alirudi akisema kichwa kinamgonga nyuma, karibu na shingo. Mama akamwambia apumzike. Alhamisi jioni alirudi mapema, jambo ambalo halikuwa desturi yake, akatulia kidogo chumbani, kisha akatoka na kumwita Chiriku.

"Nipime vizuri leo. Sijisikii sawa."

Nje Ngongoti alikuwa anapiga mluzi. Chiriku akafunga mkanda harakaharaka, akapampu. Safari hii mkono wake ulizidisha, mshale ukafika mia moja na themanini. Alipofungua tu, kabla upepo haujaanza kutoka sawasawa, akasikia: dup. Kwa nguvu. Dup, dup, dup, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi, na mshale ulikuwa bado uko juu kabisa.

Akashtuka. Akawaza: nimekosea. Haiwezekani. Nimepampu vibaya. Na daftari, mezani, lilikuwa limeshaandikwa kwa kalamu ya wino: Alhamisi jioni, mia moja thelathini na mbili. Lilikuwa safi, halina hata mkwaruzo mmoja. Nje mluzi ukapigwa tena.

"Ngapi?" baba akauliza.

"Mia moja thelathini na mbili, baba. Iko sawa."

"Una hakika?"

"Si unaona imeandikwa?"

Baba akatazama daftari. Bega lake likashuka kwa nafuu. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi ni jua tu." Chiriku alikuwa ameshafika getini.

Jumamosi waliicheza ile mechi. Chiriku aliingizwa dakika za mwisho, akafunga mabao mawili. Jumatatu dada alichukua daftari, akaweka sahihi yake mara kumi na nne, akalipeleka maabara. Mkufunzi alilisoma mbele ya darasa. Madaftari ya wengine yalikuwa na mikwaruzo, siku zilizorukwa, namba zilizopanda na kushuka kama mbuzi mlimani. Hili lilikuwa limetulia. "Hivi ndivyo," akasema, akalibandika ukutani pamoja na jina la dada. Dada akamwambia kwamba baba analalamikia kichwa. Mkufunzi akatazama tena zile namba za juma la pili. "Presha yake imeshuka, inakaa vizuri. Labda ni macho. Mwandika vibao huyachosha. Aende akapimwe macho."

Basi baba akaenda akapimwa macho. Akanunua miwani. Aliivaa siku mbili, akisema kichwa bado kinagonga, lakini sasa anakiona vizuri.

Jumatano ya juma lililofuata alianguka kutoka kwenye ngazi. Hakuwa juu, alikuwa kwenye kipago cha pili, na waliomwokota walisema hakuteleza. Brashi ilidondoka kwanza, halafu yeye. Kilikuwa kiharusi. Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka kichwani.

Wodini Chiriku alisimama miguuni mwa kitanda. Nusu ya uso wa baba ilikuwa imelala, kama nguo iliyotoka kwenye kibanio kimoja. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya shuka, mahali walipouweka.

"Mzee alikuwa na presha ya juu sana," daktari akamwambia mama. "Na hii si ya leo. Hakuwahi kupimwa?"

Ndipo baba akasema, kwa ulimi mzito, maneno yakitoka kama mtu anayetafuna sufi: "Nimepimwa. Binti yangu... kanipima kila siku. Nilikuwa mzima."

Akajitahidi kumtazama Chiriku. Upande mmoja wa mdomo wake ukatabasamu.

Daktari akakunja uso. "Basi mashine iliyotumika ina kasoro. Irudisheni ilikotoka ikaguliwe."

Dada alikwenda nayo chuoni siku iliyofuata, na Chiriku akaenda naye kwa sababu hakuweza kubaki nyumbani, palikuwa na brashi. Maabara ilikuwa haina wanafunzi. Mkufunzi akaifunga mashine mkononi mwake, akajipima. Akafunga nyingine, akajipima. Zikalingana. "Rudia," akajiambia mwenyewe. Akarudia mara sita. Zililingana mara sita.

Akakaa. Akavua miwani.

"Sioni kasoro," akasema. "Lakini mshale huweza kukwama siku moja na kuachia siku nyingine. Mashine kumi zimetoka hapa kwa mkono wangu, mimi ndiye niliyezikagua. Ikiwa hii ilidanganya, sijui zile tisa zimemwambia nani kuwa ni mzima." Akavuta karatasi, akaanza kuandika. Aliandika polepole, na kwa kuwa alizoea kusema anachoandika, wote wawili walimsikia. Barua ilikwenda kwa mkuu wa chuo. Ilisema kwamba yeye, baada ya miaka thelathini, ameruhusu chombo kibovu kutumika juu ya mwili wa mtu, na kwamba anaomba aondolewe maabara.

Dada alikuwa ameinamisha kichwa. Aliujua uongo wake mmoja, ule wa sahihi, na ulimtosha kumziba mdomo. Wa Chiriku hakuujua.

Chiriku aliitazama ile kalamu ikitembea. Alijua kwamba akinyamaza, yamekwisha. Mashine ilikuwa haina mdomo. Mkufunzi angeondoka, watu wangesahau, na baba angeendelea kusema mpaka mwisho wa maisha yake: binti yangu kanipima kila siku.

"Mashine si mbovu," akasema.

Kalamu ikasimama.

"Sikupima. Juma la kwanza nilipima. La pili niliandika zote Jumapili, kabla. Nilikuwa namfunga tu mkanda ili asiulize. Alhamisi nilisikia. Iligonga juu kabisa, kwenye mia moja na themanini, nikaona daftari limeshaandikwa... nikasoma daftari."

Dada akainua kichwa. "Wewe!" Akamgeukia. "Chiriku, wewe! Mimi nikaweka sahihi! Nikaenda nikasimama mbele ya darasa!"

"Na wewe ulipima wapi," mkufunzi akamuuliza dada kwa upole mbaya, "hata ukaweka sahihi?"

Dada akaanza kulia. Hakuna aliyembembeleza.

Mkufunzi akachana barua yake vipande viwili. Hakuonekana mtu aliyepata nafuu. Akaenda ukutani, akalibandua daftari, akaja akaliweka mbele ya Chiriku, akafungua juma la pili.

"Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi," akasema. "Wangeiona yako. Ilianza mezani kwenu, ikavuka mji, ikafika hapa nikaipokea mimi, nikaisoma kwa sauti, nikaibandika ukutani. Ikarudi nyumbani ikamnunulia baba yako miwani. Safari ndefu kweli. Na kila mtu aliyekutana nayo aliipisha, kwa sababu ilivaa vizuri." Akagonga ukurasa kwa kidole. "Mimi nilipaswa kujua. Mwili wa mtu hauna adabu hivi. Lakini nilipenda kuona kazi safi, nikafurahi. Hilo ni langu, nitalibeba. Wewe beba lako. Sikiliza, mtoto. Ungeacha ukurasa mtupu, ningeuliza kwa nini ni mtupu, na baba yako angepimwa. Kutopima ni uvivu, na uvivu unatibika. Kuandika usichopima ni kumfungia mtu mlango wa nyumba yake kwa nje, asifike hospitali, na yeye yuko ndani anakushukuru."



Chuo hakikumfukuza dada, lakini alifutiwa kazi yote ya maabara ya mwaka, akaambiwa auanze tena na wanafunzi wapya. Kwa siku nyingi hakusema na Chiriku. Aliposema, alisema hivi: "Mimi nilikupa mlango, wewe ukaingia. Tusitafute mchawi." Wakaishia hapo.

Mama alikuwa ameshaelezwa yote; alimwambia baba siku aliporudishwa nyumbani, baada ya majuma matatu. Chiriku alikuwa nje ya mlango, akisikia sauti ya mama ikienda, ikisita, ikienda. Hakuitwa. Siku mbili baba hakumwita kwa lolote. Chakula alilishwa na mama, dawa alipewa na mama. Mashine mpya ilikuwa mezani, imenunuliwa kwa ajili yake, na kwa siku hizo alipimwa na muuguzi aliyepita jioni.

Siku ya tatu mama alikuwa kazini. Chiriku alikuwa anafagia chumba bila kuinua uso. Baba akasema, na ulimi wake sasa ulikuwa mwepesi kidogo:

"Ile Alhamisi nilikuuliza ngapi. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, baba."

"Nilikuwa nakwenda zahanati. Nilikuwa nimeshavaa viatu." Akapumzika. "Ukasema iko sawa. Nikarudi chumbani, nikavivua."

Ufagio ulibaki mkononi mwa Chiriku. Alitaka kusema nisamehe, na neno lilikuwepo, lakini mbele ya viatu hivyo lilikuwa dogo mno, kama kumpa mtu aliyeunguliwa na nyumba kikombe cha maji. Akalia, bila sauti. Baba akamwacha alie. Hakumwambia basi, wala hakumwambia si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu.

Alipomaliza, baba akanyoosha mkono wa kushoto, akauweka juu ya meza.

"Lete mashine."

"Mimi, baba?"

"Nani mwingine yupo?"

Chiriku akakunja mkono wa shati mpaka juu. Akakaa dakika tano akitazama saa ya ukutani, wala hayakumjia maneno ya kumeza. Akafunga mkanda juu ya ngozi. Akapampu mpaka pakawa kimya, akaongeza kidogo, akaachia polepole. Pigo la kwanza likaja mapema. Akaomba moyoni liwe kosa. Akangoja dakika mbili, akapima tena. Likaja palepale.

"Ngapi?"

Kalamu ilikuwa nzito. Angetoa nini ili namba ile iwe nyingine! Akaiandika ilivyokuwa.

"Mia moja sitini na nane, baba. Mara zote mbili. Ni mbaya."

Baba akaitazama namba kwa muda mrefu, namna alivyozoea kutazama mstari.

"Mbaya ya kweli," akasema, "nina la kuifanya. Ile nzuri yako sikuwa na la kuifanya." Akasukuma miguu yake miwili mbele, mmoja kwa kuusaidia mwingine. "Haya. Mimi siwezi tena kufunga kamba. Nivalishe viatu, unipeleke zahanati."

Chiriku akapiga magoti sakafuni, akaanza na mguu wa kulia.